Kilo Kumi na Mbili Zisizo Zangu

Usiku wa kuamkia leo niliota nimesimama kwenye foleni ya kuingia baharini, na zamu yangu ilikuwa imefika.

Bahari ilikuwa imewekwa mlango. Mlango wa mbao wa rangi ya buluu, umepachikwa pale gati linapoishia, na kulia na kushoto kwake palikuwa wazi kabisa. Mtu angetaka angeuzunguka akapita. Hakuna aliyeuzunguka. Watu wa Mwandoni tuna adabu ya foleni.

Mlangoni amekaa samaki, chewa mkubwa, kwenye kiti cha plastiki. Ubavu wake wa kulia una magamba, wa kushoto hauna. Nilimtambua mara moja. Nilimpaa magamba mimi mwenyewe Jumatano, na nilipofika nusu mteja akasema ana haraka, nimpe hivyo hivyo.

"Shikamoo," nilisema, kwa sababu alinizidi umbo.

"Marahaba. Upande wa pili utanimalizia lini?"

"Jumatatu nitakuwepo mnadani."

"Jumatatu nitakuwa nimeshaliwa," alisema bila kinyongo. "Haya. Jina?"

"Mafunda Chande."

"Kazi?"

"Unaijua."

"Lazima useme mwenyewe."

"Napaa samaki. Huu mwaka wa ishirini na mbili."

"Na baharini umewahi kuingia?"

"Mpaka magotini."

Chewa akatazama magoti yangu, kisha akatazama maji, kama fundi anayepima kitambaa.

Hapa inabidi nieleze, maana ndotoni kila mtu alikuwa anajua na wewe hujui. Mwandoni ni mji wa wavuvi. Wanaume wetu huzaliwa wakijua kuogelea, au ndivyo wanavyosema. Sisi wanawake tunapaa samaki, tunawakausha, tunawakaanga na kuwauza, lakini majini hatuingii. Mwaka huu, joto la kaskazi lilipoanza na shule zikafungwa, Bi Kidawa Semboja, nesi mstaafu, alitangaza kwamba atafundisha wanawake kuogelea, kila siku maji yakijaa. Tukajitokeza ishirini na watatu. Wanaume wakakaa gatini siku tatu kutucheka. Siku ya nne wakatuletea madumu matupu ya mafuta ya kula tuyakumbatie ili tuelee.

Jumamosi, yaani leo, ilikuwa sikukuu ya mji. Kamati ilishabandika ratiba: mashindano ya ngalawa, kuvuta kamba kati ya mtaa wa Juu na mtaa wa Chini, halafu pilau. Safari hii, katikati ya kamba na pilau, waliongeza mstari mmoja: Wanawake kuvuka hori, ule mkono wa bahari unaoingia mjini kwetu. Kutoka gatini mpaka Fungu, ule mchanga unaobaki juu hata maji yakijaa. Mtu mwenye dumu anafika kabla wali haujapoa.

Katika wote ishirini na watatu, mimi peke yangu sikuwa nimeinua miguu. Wiki nne nzima nilitembea ndani ya maji ya magotini nimeinama, dumu kwapani, naupepeta mkono mmoja. Ukiwa mbali ungedhani naogelea. Bi Kidawa hakuwa mbali.

Na nisingekwenda kabisa kama si Tunu. Tunu ni mtoto wa marehemu mdogo wangu, Zume. Ana miaka kumi na minne, na nimemlea tangu ana mitatu. Yeye ndiye aliyetaka kujifunza. Nikamkatalia. Nikamwambia bahari imeshamchukua mama yako, haitakupata na wewe. Hakulia. Aliniambia, "Basi jifunze wewe, mama mkubwa. Ukivuka, na mimi naingia. Usipovuka, sitaomba tena."

Nilikubali. Nilikubali kwa sababu nilikuwa na hakika sitavuka.

Sasa turudi mlangoni.

"Masharti ya Bi Kidawa unayajua?" chewa akauliza.

Nilikuwa nayajua. Aliyaandika kwa mkaa ukutani mnadani, na hakuna aliyethubutu kuyafuta: Toa pumzi. Yaachie maji uzito wako. Lala.

"Umetimiza mangapi?"

"Hata moja."

"Basi anza na la kwanza. Dirisha namba tatu."

"Twende," likasema dumu langu. Lilikuwa kwapani muda wote huo, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyebanwa pua. "Mimi nilipojaa mafuta nilikuwa nazama mpaka shingoni. Sina cha kukushauri zaidi ya hapo."

Nikageuka kutafuta dirisha, na gati halipo. Niko zahanati. Ni ile zahanati yetu, yenye benchi refu na saa ya ukutani iliyosimama. Dirishani amekaa Bi Kidawa, amevaa sare yake nyeupe ya unesi na miwani ya kuogelea.

"Toa pumzi," akasema.

Nikatoa. Akaipokea kwa mikono miwili, akaitia kwenye chupa ya chai, akakaza kifuniko.

"Utarudishiwa," akasema.

"Lini?"

"Ukiihitaji."

"Naihitaji sasa hivi, Bi Kidawa."

"Hii hapa." Akafungua chupa, akanirudishia. Ilikuwa ya moto kidogo. "Toa tena."

Nikatoa. Akaweka. Nikaomba. Akanipa. Tukafanya hivyo mara nyingi sana, na watu kwenye benchi nyuma yangu hawakulalamika. Mwanzoni kila nilipotoa nilikuwa nashika ukingo wa dirisha, nikiogopa safari hii hatarudisha. Baadaye niliona mkono wangu umeacha kushika. Baadaye tena niliona Bi Kidawa anaandika barua yake, na chupa iko kwangu, nafungua na kufunga mwenyewe.

"Umemaliza?" akauliza bila kuinua macho.

"Sijui."

"Umemaliza. Nenda mnadani ukapimwe."

Nikatoka, na mnada ulikuwa nyuma ya mlango wa zahanati, ingawa kwa kweli ni mwendo wa robo saa. Mji mzima upo. Wapo wenye ngalawa na matanga yao begani, zipo timu mbili za kuvuta kamba zimekaa mbali mbali, wapo wenzangu wa kuogelea na kanga zao zinachuruzika maji. Muadhini naye yupo. Katikati inaning'inia mizani kubwa ya ndoana, ile tunayopimia papa.

"Shika ndoana, inua miguu," mizani ikasema.

"Siinuagi miguu."

"Hapa chini ni saruji, mama, si maji. Inua."

Nikainua. Mshale ukazunguka, ukatetemeka, ukatulia.

"Kilo themanini na moja," mizani ikasema kwa sauti ya kutangaza. "Sitini na tisa ni zake. Kumi na mbili si zake."

Watu wakanong'ona. Nilipata haya, kama mtu aliyekutwa na sahani ya jirani.

"Ni za nani?" akauliza Nassoro, mnadi wetu, ambaye hata ndotoni alikuwa na kalamu sikioni.

"Fungueni mtaona," mizani ikajibu.

Nassoro akaniomba radhi, akatia mkono chini ya mbavu zangu, akatoa kifurushi kimefungwa kwa kamba ya nyavu. Akakifungua juu ya meza ya samaki. Akaanza kusoma vilivyomo, kama anavyosoma kila asubuhi changu wangapi na tasi wangapi.

"Kanga doti mbili, zimelowa. Kilo tatu. Ukelele mmoja wenye jina la Mafunda. Kilo nne. Hatua sitini ambazo hazikupigwa. Kilo tano."

Kila mtu Mwandoni anaikumbuka siku ile. Ni miaka kumi na moja sasa. Zume alikuwa anarudi harusini ng'ambo ya hori, mashua ikapinduka hatua sitini tu kutoka gatini. Watano waliokolewa. Yeye hakuokolewa. Mimi nilikuwa napaa samaki ufukweni nikasikia jina langu. Kilichofuata sijawahi kumsimulia mtu, lakini sasa kilikuwa juu ya meza, kimepimwa.

"Nani anabeba?" Nassoro akauliza.

Hapakuwa na bei. Mtu aliinua mkono tu, akapewa.

Mama Pili muuza chapati alichukua kanga. Alisema kwake kuna kamba ya kuanikia na jua la mchana kutwa. Ukelele ulikaa kidogo bila mtu, kisha muadhini akasema, "Lete kwangu. Mimi nimezoea sauti." Akautia mfukoni mwa kanzu. Kanzu ikainama upande mmoja.

Zikabaki hatua sitini. Wenzangu wa kuogelea wako ishirini na wawili, kila mmoja akachukua mbili. Timu za kuvuta kamba zikachukua kumi na tano, na ikawa ugomvi, maana kumi na tano hazigawanyiki sawa, na mtaa wa Juu hawakutaka kubeba pungufu ya mtaa wa Chini. Mwisho Juu wakabeba saba na Chini nane, na Juu wakaapa kulipiza kwenye kamba.

Mezani ikabaki hatua moja. Ndogo, kama kandambili.

"Hii?" Nassoro akauliza. "Hii ya kwanza, nani?"

Hata mizani ikatazama pembeni.

"Hii haibebeki," Nassoro akasema, akanikabidhi. "Hii lazima uipige mwenyewe."

Nikaipokea. Sikujua pa kuiweka, nikaiweka chini, nikaikanyaga.

Nikawa katikati ya hori.

Ni mchana mweupe. Gatini watu wanashangilia ngalawa, nasikia ngoma. Mbele yangu, juu ya maji, kuna kitanda cha kamba chenye neti, na Zume anatandika shuka. Ana miaka ile ile ishirini na sita. Kanga hana. Amevaa gauni lake la harusini, kavu.

"Shikamoo, dada," akasema. "Umechelewa."

"Marahaba. Nilikuwa kwenye foleni."

"Miaka kumi na moja?"

"Foleni ilikuwa ndefu."

Akakubali jibu hilo. Akachomeka shuka upande wa miguuni, kwa ule mtindo wake wa mkono wa kushoto ambao mama alishindwa kuurekebisha. Mimi nilikuwa nimesimama juu ya ile hatua yangu moja, siwezi kwenda mbele wala nyuma.

"Zume," nikasema. "Siku ile nilikuwa ufukweni."

"Nilikuona."

"Niliingia mpaka magotini, nikasimama."

"Nilikuona, dada. Kisu cha kupaa ulikuwa nacho mkononi."

"Nilitaka kuja. Miguu ilikataa. Nimewaambia watu kwamba sikukusikia. Nilikusikia."

Zume akapiga mto, akaugeuza, akaupiga tena.

"Ungekuja ungezama," akasema. "Kuogelea hujui. Mama angepika uji wa matanga mara mbili, na Tunu angelelewa na shangazi yake wa ng'ambo, yule asiyeweka chumvi. Mimi nilipokuona umesimama pale, nilisema, haya, mtoto ana mtu."

Nililia kidogo, na machozi yakaingia baharini bila kuombwa jina wala kazi.

"Tunu mrefu?" akauliza.

"Kanipita. Ukimtazama kwa nyuma utadhani wewe."

"Anaingia majini?"

"Nimemkataza."

"Ndiyo maana anakuja gatini kila jioni anakaa na miguu inaning'inia, haigusi. Vidole vinabaki juu hivi." Akanionyesha kwa vidole vyake, upana wa kipande cha sabuni. "Mwache alowe, dada. Chumvi yenyewe hutoka kwa maji ya kisima."

Kisha akanisogelea, akanitazama kichwani kama anavyotazama mtu nguo ya fundi mbaya.

"Nywele hizi nani kakusuka?"

"Mwenyewe. Twende kilioni."

"Tangu lini unasuka twende kilioni?"

"Tangu siku ile."

"Na huko kilioni hamjafika tu?"

Nikacheka. Sikutegemea, ikatoka. Zume hakucheka, alishaanza kunifumua nyuma ya sikio. Vidole vyake vilikuwa vya baridi na vinafanya kazi haraka, vinakaza, vinavuta, kama zamani tulipokaa kizingitini, mimi chini yeye juu, ananisuka huku ananisimulia habari za watu. Habari zilikuwa zile zile. Alinisimulia nani kaoa na nani kaachika huko chini, majina mengine yakiwa ya samaki.

"Lala sasa," akasema. "Sina muda wa kumaliza kichwa kizima. Wageni wengi leo."

Nikapanda kitandani, nikalala chali. Akashusha neti. Kupitia neti niliona mbingu, haina wingu hata moja. Nikatoa pumzi, nikaichukua tena, nikatoa. Chini yangu kitanda kinapanda na kushuka taratibu. Mwili wangu ulikuwa wa kilo sitini na tisa na kila kilo niliijua.

"Inua kidogo nichomoe shuka," Zume akasema. "Ni ya mtu."

Nikainua kiuno, akachomoa shuka.

"Na godoro."

Akachomoa godoro. Nasikia anakunja, anafunga, anahema kidogo. Kisha nikasikia ngoma za gatini tu.

"Bado umelala?" sauti yake ikauliza, safari hii kutoka mbali kidogo.

"Bado."

"Haya. Kitanda nimeshakichukua."

Nikageuza macho. Kulia maji, kushoto maji. Neti haipo. Zume anakwenda zake juu ya hori, kitanda kichwani, anayumba kwa uzito kama mtu anayehama nyumba, na hageuki. Nikaitazama miguu yangu. Ilikuwa juu, vidole kumi vyote vinaonekana, vinapigwa na jua.

Nilingoja niogope. Nikangoja tena. Dumu langu lilikuwa linaelea peke yake upande wa gati.

"Unanihitaji?" likauliza.

"Kaa karibu tu," nikasema.

"Ndiyo kazi ninayoiweza."

Nikapiga miguu. Mara moja, kisha mara mbili. Maji yakasogea nyuma yangu, nami nikasogea mbele, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu bila kukanyaga kitu. Nikasikia mtaa wa Juu na mtaa wa Chini wanavuta kamba, wanahesabu, na nikapiga miguu kwa hesabu yao. Mbele, Fungu lilikuwa linaonekana dogo. Halafu likaonekana kubwa. Halafu likasema, "Nimeona nije nikupokee, maana pilau linapoa," na mchanga ukanigusa kisigino.

Nikaamka.

Jua lilikuwa limeshaingia chumbani mpaka kwenye mkeka. Nilikuwa nimelala chali, mikono imetanuka, shuka liko chini. Nje nilisikia vijana wanaburuta ngalawa kwenda majini, na mtu anajaribu kipaza sauti cha kamati, moja, mbili, moja, mbili.

Tunu alisimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Mama mkubwa, Bi Kidawa amepita mara mbili. Anasema kama huendi umwambie, asipange jina lako."

"Mwambie apange."

Alinipa chai, lakini hakuondoka. Aliinama, akanitazama pembeni ya kichwa.

"Huu nani kakusuka?"

"Upi?"

Akaushika. Nami nikapeleka mkono. Nyuma ya sikio la kushoto, katikati ya nywele zangu za siku zote, kulikuwa na msuko mmoja mwembamba, umekazwa mpaka ngozi inauma.

"Umesukwa kinyume na mingine," Tunu akasema. Aliupitishia kidole taratibu mpaka nchani. "Kama mtu wa mkono wa kushoto. Nikufumue nikusuke upya, ulingane?"

Nyumbani kwetu tunakaa sisi wawili tu, na wote tunatumia mkono wa kulia.

"Uache," nikasema.

Nikanywa chai yote, nikaweka kikombe chini.

"Tunu, tafuta kanga usiyoionea uchungu ikilowa."

Alinitazama kama hakusikia vizuri. "Lakini bado hujavuka."

"Nakwenda kuvuka. Sitaki unitazame kutoka gatini. Tutaingia wote mpaka magotini, Bi Kidawa atakushika mkono, halafu mimi nitaendelea."

Alikwenda chumba cha pili, na nikamsikia anafungua sanduku, anatoa kanga moja moja, anazikung'uta, anachagua.